Je, Wajua? Daftari la Majeraha Kazini
Je, wajua ya kwamba nchini Marekani, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1970, tajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10, isipokuwa wa biashara zilizohesabiwa kuwa na hatari haba, hulazimika kuandika daftarini kila jeraha au maradhi ya kazi yaliyopita kiasi cha huduma ya kwanza, na kulihifadhi daftari hilo miaka 5? Muhtasari wake, hata pasipokuwa na aliyeumia, hubandikwa mahali pa wazi tangu tarehe 1 Februari hadi 30 Aprili. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo penye makali ya sheria hiyo, maana siri ya kiwanda huwa dhahiri ukutani. Ama mauti, hayo hayangoji daftari: serikali sharti iarifiwe katika muda wa saa 8, na hata tajiri mwenye mtumishi mmoja hasamehewi.