Goma: Mwanafunzi mpya anasikia nini anaposikia jina la chuo kikuu?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakishatoka, mabango na matangazo ya redio yanaongezeka mjini Goma. Vyuo vinawaita vijana wenye diploma ya serikali waje kujiandikisha. Lakini kabla ya kulipa bango, chuo kingefaa kujua kijana na mzazi wake wanafikiria nini juu ya jina lake.

Majina si machache. Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM), ambacho ni cha serikali, kilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. ULPGL, cha Kiprotestanti, kina mizizi tangu mwaka 1985. Kuna ISP kwa ualimu, ISC kwa biashara, ISIG kwa informatiki na usimamizi, na chuo cha Kikatoliki La Sapientia. Wengine wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, au wanafika hadi Kampala.

Zamani hakukuwa na ushindani huo. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, ambacho kiligawanywa tena mwaka 1981. Mwaka 1989 mlango ulifunguliwa kwa vyuo binafsi. Tangu hapo, jina limekuwa mali: linaweza kujaza madarasa au kuyaacha matupu.

Jina linabeba nini?

Familia haichagui masomo peke yake. Chuo cha kanisa kinaweza kusikika kama mahali pa nidhamu, na cha serikali kama mahali ambapo diploma haina mashaka. Kuna anayeangalia minervali, umbali wa kutembea kutoka Majengo au Ndosho, au ndugu aliyesomea pale na sasa anafanya kazi katika shirika la misaada. Ndugu huyo anaweza kuwa na nguvu kuliko tangazo lolote.

Mageuzi ya LMD, yaliyosambazwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yameongeza utata. Katika mfumo wa zamani, lisansi ilipatikana baada ya miaka mitano: mitatu ya graduat na miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka mitatu, kisha master miwili. Mzazi aliyesoma zamani na mtoto wake wanaweza kutumia neno moja huku kila mmoja akimaanisha kitu tofauti. Chuo kisichoeleza hilo kinajitafutia lawama.

Kisha kuna vita. Tangu M23 ilipouteka mji Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Minervali imekuwa mzigo mzito zaidi, hasa kwa familia zilizokimbia mashamba Masisi na Rutshuru. Swali la kama diploma itatambuliwa Kinshasa nalo lina uzito kuliko rangi ya majengo.

Aulizwe nani?

Njia rahisi ni kugawa karatasi za maswali kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini hao tayari wamekubali. Wanaoweza kuonyesha kasoro ni wale waliochukua fomu wasirudi, waliokwenda chuo kingine, na waliobaki nyumbani kwa kukosa pesa. Wazazi nao waulizwe, kwa sababu mara nyingi ndio wanaolipa.

Lugha pia ina maana. Maswali yakiandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, mama muuza mboga wa Virunga hatajibu, au atajibu kile anachodhani kinatakiwa. Akiulizwa kwa Kiswahili, na mtu asiyetoka katika chuo hicho, atasema wazi zaidi. Pia ni afadhali kuanza na swali lisilo na majibu tayari: «Ukisikia jina hili, unafikiria nini kwanza?»

Majibu yakionyesha kwamba watu wanalalamikia diploma zinazochelewa, bango jipya halitatibu ugonjwa huo. Dawa ni kutoa diploma kwa wakati.

Kwa kijana anayechagua sasa, maswali matatu yanatosha kuanza: chuo kina ruhusa ya wizara kwa idara hiyo? Waliomaliza wamepata diploma zao mkononi? Na gharama yote, hadi siku ya kumaliza, ni kiasi gani?