Kadi ya matibabu bure kwa wazee: inalipia nini, hailipii nini

Mzee wa miaka 65 anaweza kufika dirishani kwenye hospitali ya Serikali, akataja umri wake, na bado akaambiwa alipe. Wengi hushangaa, maana wanajua wazee wanatibiwa bure. Kumbe umri peke yake hautoshi.

Sera inasemaje?

Tanzania ilianza kuwachangisha wagonjwa gharama za hospitali mwaka 1993, huku makundi maalumu yakipewa msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Lakini anayesamehewa kulipa ni mzee asiye na uwezo. Mwenye bima ya afya anatumia bima yake.

Nani anaamua?

Siyo daktari. Kazi inaanzia kijijini au mtaani, ambako viongozi wanaorodhesha majina. Halmashauri, kupitia maofisa ustawi wa jamii, inahakiki na kutoa kitambulisho chenye picha.

Kwa hiyo angalia mzee wako anaishi wapi. Mgeta iko Wilaya ya Mvomero. Kinole na Matombo ziko Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Wa mjini wanahudumiwa na Manispaa.

Kadi inaishia wapi?

Inafuta malipo ya kumwona daktari, vipimo na dawa zilizopo kwenye kituo cha Serikali. Dawa ikikosekana, mzee anaandikiwa akanunue duka la dawa kwa hela yake. Kwa mwenye presha au kisukari, anayemeza dawa kila siku, hiyo si hela ndogo.

Nauli nayo haimo. Kutoka vijiji vya juu Uluguru hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro ni bodaboda, kisha gari. Masika barabara zikiteleza, safari inakuwa ngumu zaidi. Wapo wanaobaki nyumbani na kadi mfukoni kwa sababu hawana nauli.

Ufanye nini?

• Fuatilia kitambulisho mzee akiwa bado mzima. Akishaugua, mambo yanakuwa ya haraka na karatasi hazina haraka.
• Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe rufaa ikihitajika. Huenda dawa ipo hapo hapo, ukaokoa nauli.
• Hospitalini ulizia dirisha la wazee.
• Ukiambiwa ulipe wakati kadi unayo, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kutoa hela.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hata huko, lazima kwanza mtu atambuliwe. Kama mzee wako hayumo kwenye orodha ya kijiji, mtendaji wa kijiji ndiye wa kuanza naye.