Baraza la Waluguru lilimjibu nani?

Darasani tumekuwa tukijadili kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, mamlaka kubwa isilinyakue, bali iisaidie. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno. Sisi tunaosoma hapa Kilakala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Milima ya Uluguru iko juu ya vichwa vyetu.

Zamani Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ikirithiwa kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa sana, hasa kwa mambo ya mvua, lakini mashamba ya koo nyingine hayakuwa yake. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron na sheria ya mwaka 1926, walitaka kutawala kupitia wenyeji, wakahitaji mtu wa kuwajibika kwao. Akapatikana sultani, na chini yake watawala wadogo, mabaraza na mahakama. Kwa jina, Waluguru walijitawala. Amri zilitoka boma.

Jambo hilo lilionekana wazi kwenye matuta. Katika miaka ya 1950 watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukienda kweli, na maji ya Mto Ruvu hutoka huko. Ila kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba, unaufukia na kuleta juu usiozaa. Aliyekataa alishtakiwa kwa wenyeji wenzake. Baraza "lake" ndilo lililomtoza faini! Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Baadhi yetu darasani huwaita watawala wale vibaraka. Tunadhani ni kuwaonea. Mtu aliyetii boma aliwapoteza watu wake, na aliyewasikiliza watu alipoteza kiti.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Leo, huko vijijini milimani, kuna mkutano mkuu wa watu wazima wote, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na baraza la ardhi la wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mtendaji wa kijiji huajiriwa na wilaya, na sehemu kubwa ya fedha hutoka juu, kwa hiyo macho ya viongozi huelekea huko huko.

Na ukoo haujafa. Chukua mama anayelima shamba la ukoo wake. Hati ya kimila ikiandikwa kwa jina la mume peke yake, mumewe akifariki ndugu wa mume wanaweza kulidai, na shamba likahamia ukoo mwingine kwa mhuri wa halmashauri iliyochaguliwa na mama huyo huyo. Wajomba watapinga, na karatasi itawashinda. Hapo mkutano mkuu ndio unaoweza kuuliza, kabla mhuri haujapigwa: shamba hili ni la nani, na jina la mama liko wapi?