Shule na Jela: Mfuko Mmoja, Midomo Miwili

Mimi leo sina shairi wala chemshabongo. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ule mjadala wa muhula uliopita, ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa kicheko kuliko kwa hoja zake. Mada ilikuwa: "Serikali ipunguze pesa za magereza iziongeze shuleni." Mimi nilikuwa mtetezi mkuu. Nilinena hadi nikatokwa na jasho, nikawakumbusha watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nikapigiwa makofi, nikajiona mbunge kabisa. Kisha msichana mmoja wa upande wa upinzani akasimama akauliza swali moja tu: "Bwana msemaji, ukishapunguza hizo pesa, wafungwa utawafungulia waende kwao ama utawanyima chakula?"

Ukumbi uliangua kicheko. Nami nilikaa chini kama kuku aliyenyeshewa.

Aibu yangu ilikuwa maradufu kwa sababu baba yangu ni askari wa magereza. Nimezaliwa na kukulia kwenye nyumba za askari, king'ora cha jela ndicho kilichokuwa saa yetu ya kuamkia. Ningepaswa kuwa na jibu. Likizo ilipofika nikamwendea Baba jioni akivua viatu, nikamweleza yaliyonipata. Alicheka kwanza (hata yeye!), kisha akasema, "Mwanangu, wewe ulianza kugawa pesa kabla ya kuzihesabu. Nenda kahesabu, halafu urudi."

Basi nikahesabu. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2025, elimu ilitengewa takriban shilingi bilioni 702, na zaidi ya nusu ya hizo ni za Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani hasa mishahara. Pesa za magereza hazifiki hata sehemu moja kwa kumi ya fungu hilo. Kwa hivyo hata tungefunga kila gereza nchini, tukawaachisha kazi askari wote akiwemo baba yangu, shule zingepata nyongeza, naam, lakini shida zetu zisingekwisha. Hapo makofi yangu ya mjadala yakaanza kuyeyuka.

Upande wa pili wa hesabu ni mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka wa 2018, serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365 mtapata shilingi 61 hivi kwa siku. Tena ahadi ni ahadi tu. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha aliwaeleza wabunge kwamba kinachowezekana kutolewa ni kama shilingi 16,900. Pengo hilo ndilo linalowafanya walimu wakuu wetu wakope maharagwe kwa wachuuzi. Na kumbukeni chakula cha mchana katika shule ya kutwa hulipiwa na mzazi, hakimo katika hizo 22,244.

Nilimrudia Baba nikiwa nimefura. "Mbona mfungwa analishwa na serikali asubuhi, mchana na jioni, nasi tunafukuzwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula?"

Akanijibu kwa utaratibu, "Wewe ukifukuzwa unakwenda kwa mama yako. Huyu tumemfungia. Hawezi kwenda shambani, hawezi kwenda sokoni, na hana likizo. Ukimfungia mtu mlango, tumbo lake ni lako."

Jamani, hapo ndipo nilipolielewa lile swali la msichana. Gharama ya gereza haiamuliwi na Wizara ya Fedha peke yake. Huamuliwa langoni, kila siku lori la mahakama linapoingia. Idadi ya waliomo ikipanda, ugali lazima upande, maji yapande, dawa zipande. Bunge likipunguza pesa bila ya kupunguza watu, kinachopungua ni blanketi. Tumeyaona hayo. Kwa miaka mingi magereza yetu yalikuwa na watu zaidi ya 50,000 ilhali yalijengwa kwa ajili ya watu wasiofika 30,000. Mwaka wa 2003 Mheshimiwa Moody Awori, aliyekuwa akisimamia magereza, alianzisha mageuzi, na wafungwa wakaanza kupata magodoro na runinga. Watu walinung'unika eti jela imekuwa hoteli. Askari nao, waliokuwa wakiishi nyumba za kuaibisha, waligoma Aprili 2008 wakidai marupurupu na makao bora. Kwa hivyo msidhani kuna pesa za ziada zimejificha mle ndani zikingoja kuhamishiwa shuleni.

Sasa, ni nani anayeingia langoni? Hapa ndipo penye uchungu wangu. Ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai nchini uliotolewa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa kesi nyingi zinazopita mikononi mwa polisi na mahakama ni za makosa madogo madogo: kulewa na kuleta fujo, kuuza bila leseni, kuzurura. Wanaoshikwa kwa makosa hayo si matajiri. Na wengi waliomo jela hawajahukumiwa. Ni mahabusu wanaongoja kesi, mara nyingi kwa sababu jamaa zao hawakupata pesa za dhamana.

Jirani yetu mmoja, kijana wa miaka 18 aliyekuwa kidato cha tatu katika shule nyingine, alirudishwa nyumbani kwa deni la karo la shilingi 4,500. Mama yake anafua nguo za watu. Kijana akaona asikae bure, akachemsha mayai akaenda kuyauza kwenye stendi ya matatu ili apate pesa za kurudi shule. Hakuwa na leseni. Alishikwa, akakiri kosa, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha mwezi mmoja. Elfu tatu ingetoka wapi, nanyi mmesikia sababu iliyompeleka stendi? Akafungwa. Kwa siku 30 serikali ilimpa chakula, sare, ulinzi na usafiri, serikali ile ile ambayo pesa zake za shule zilichelewa hadi akafukuzwa. Sijui ni shilingi ngapi zilimtoka Mkenya mlipa kodi kwa mwezi huo, lakini nawauliza walimu wa Hisabati: zilinunua nini?

Wala si kwamba sheria inakosekana. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka wa 1998 inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya nje badala ya jela, ikiwa kosa lake adhabu yake haizidi miaka mitatu. Mtu analala kwake, mchana anafanya kazi ya umma chini ya afisa wa probesheni. Hufagia soko, hupanda miti, na hata hukarabati shule! Aidha Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Mwaka wa 2020, korona ilipobisha hodi, maelfu ya wafungwa wa makosa madogo waliachiliwa ili kupunguza msongamano. Kumbe inawezekana, tukiogopa vya kutosha.

Lakini Baba alinionya nisirukie hitimisho. Alinipa mfano wa matatu. Dereva na utingo ni wale wale, abiria wawe 14 ama 3, na mafuta ni karibu yale yale. Bweni la jela lililokuwa na watu 100 likibaki na 60, unaokoa ugali wa watu 40, basi. Askari wa zamu hawapungui. Pesa kubwa huokolewa tu pale bweni zima linapofungwa, au gereza jipya lisipojengwa kwa sababu halihitajiki.

Jambo hilo nimelithibitisha kwa kusoma habari za watu waliojaribu kweli kuhamisha pesa kutoka jela hadi darasani, nao ni wa jimbo la California, Marekani. Kuanzia miaka ya 1980 jimbo hilo lilijenga magereza zaidi ya 20, na katika muda huo Chuo Kikuu cha California kiliongeza tawi moja tu, Merced, lililofunguliwa mwaka wa 2005. Januari 2010 gavana Arnold Schwarzenegger (ndiyo, yule wa sinema) alipendekeza katiba ya jimbo ilazimishe vyuo vikuu vipate angalau asilimia 10 ya bajeti na magereza yasizidi asilimia 7. Halikupita. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru wafungwa wapunguzwe kwa sababu ya msongamano. Kisha Novemba 2014 wananchi wakapiga kura ya kulegeza adhabu ya makosa madogo, kama wizi wa mali isiyozidi dola 950. Kilichonifurahisha ni kwamba sheria yenyewe ilitaja pesa zitakazookolewa ziende wapi: asilimia 65 kwa matibabu ya akili na ya uraibu, asilimia 25 kwa kuzuia watoto wasiache shule, na 10 kwa waathiriwa wa uhalifu. Ila mfano wa matatu uliwakuta hata wao. Wafungwa walipungua, lakini gharama ya jumla ya magereza haikuanguka kama walivyotarajia. Na mwaka wa 2024 wapiga kura wale wale, wakilalamikia wizi madukani, wakakaza tena baadhi ya adhabu.

Kwa hivyo mjadala ukirudiwa leo, singesema "punguzeni pesa za magereza." Ningesema hakimu atumie ile sheria ya 1998 kabla ya kumwagiza askari kufungua lango, Bunge liandike waziwazi kwamba kila shilingi itakayookolewa iende kufidia lile pengo la karo, na waliomo ndani kwa haki walishwe na wasomeshwe vizuri. Maana shule imo hata kule ndani. Wafungwa hufanya KCSE, nayo KCPE waliifanya hadi ilipokoma mwaka wa 2023. Baba husema darasa la jela ndilo bweni ambalo halijawahi kumsumbua.

Yule jirani yetu sasa anapakia mchanga kwenye malori. Hakurudi shuleni. Mama yake alipita kwa karani wa shule ile kuuliza kama deni lilifutwa. Akaonyeshwa daftari. Jina la mwanawe bado limo, na mbele yake pameandikwa 4,500.