Malori ya mafuta: dakika za kwanza baada ya ajali ndizo zinaua

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, katika bonde la Ruzizi, eneo la Uvira, watu wengi walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Lori lenye kubeba mafuta, lililotoka Tanzania, likapinduka kwenye barabara ya taifa namba 5, katikati ya makao ya watu. Mafuta yakamwagika. Wengine wakakimbilia na bidoni na ndoo. Wengine wakabaki wakitazama mpira. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto na watu ambao hawakugusa hata tone la mafuta hayo. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Sange si peke yake. Huko Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 waliungua walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Morogoro, Tanzania: lori lilianguka, watu wakaja na vidumu, na zaidi ya 100 wakafa. Hapa kwetu, tarehe 6 Oktoba 2018, moto wa lori la mafuta uliua watu wapatao 50 huko Mbuba, karibu na Kisantu, kwenye barabara ya Matadi na Kinshasa.

Tukiangalia Sange, Sachangwan na Morogoro, tunaona jambo moja: kuanguka kwa lori peke yake hakukuua umati ule. Watu walikufa katika muda ulio kati ya kuanguka na moto, muda ambao hakuna mtu aliyeweza kuwazuia wasikaribie.

Hatari isiyoonekana

Wengi hufikiri kwamba hatari ni mafuta yanayotiririka. Lakini kinachowaka kwanza ni mvuke wake. Esansi hutoa mvuke wenye kuweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Uvira. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mitaroni na chini ya milango, mpaka ukutane na mbabula yenye makaa, sigara, au pikipiki inayowashwa. Hapo moto hurudi mbio mpaka kwenye lori. Ndiyo maana mtu aliyekaa nyumbani kwake anaweza kuungua kabla hata hajajua kuna ajali.

Mazutu hayashiki moto haraka hivyo, lakini tangi moja linaweza kuwa na vyumba kadhaa, kimoja cha esansi na kingine cha mazutu. Kwa macho huwezi kujua ni kipi kimepasuka. Kuna alama za kimataifa zinazosaidia: kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 1203 ni esansi, 1202 ni mazutu.

Kuwalaumu wanaochota hakutoshi. Katika miji yetu, kadafi wanauza mafuta kwa chupa kando ya barabara, na kila mtu anajua bei yake. Kwa mama asiye na chakula cha jioni, bidoni moja ya esansi ya bure ni pesa ya siku kadhaa. Onyo la redio peke yake haliwezi kushinda njaa hiyo. Lazima awepo mtu wa kufunga njia.

Kwa nini yanaanguka

Mafuta ndani ya tangi hayatulii. Dereva akikata kona au akifunga breki, mzigo husukumana upande mmoja. Tangi lililojaa nusu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu mafuta yana nafasi ya kukimbia. Kuta za ndani zenye kugawa tangi hupunguza nguvu hiyo, lakini lori la zamani lililorekebishwa ovyo linaweza kuzikosa. Ukiongeza mashimo, matope ya masika na miteremko kama ile ya Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi, kosa dogo linatosha.

Uchovu nao una sehemu yake. Mafuta ya mashariki mwa Kongo hutoka Mombasa au Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Dereva akikwama siku tatu mpakani kwa sababu ya karatasi, kisha akasimamishwa kwenye vizuizi kimoja baada ya kingine, atatafuta siku hizo usiku, kwa mwendo wa kasi. Kwa hiyo kurahisisha safari na kuifanya salama ni kazi moja. Karatasi zikikaguliwa kabla lori halijafika mpakani, na malori ya mafuta yakipata maegesho yao mbali na soko na nyumba, dereva atapumzika mahali pazuri na kusafiri mchana.

Pesa ya barabara nayo haitoki mbali. Tangu 2008 nchi yetu ina mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaolishwa kwa sehemu kubwa na makato kwenye kila lita ya mafuta. Ni haki basi kona ambazo malori hayo huanguka mara kwa mara zipewe nafasi ya kwanza. Tena, tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo sheria yake ya uzito, ya mwaka 2016, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Mizani ikifanya kazi bila rushwa, lori lililozidisha litasimamishwa kabla ya kufika mteremkoni.

Kazi ya kijiji

Barabara haitatengenezwa kesho. Lakini kijiji kilicho kando ya njia kinaweza kujipanga wiki hii. Mkuu wa kijiji, vijana wa pikipiki, shirika la kiraia na wahubiri wakubaliane mapema: nani atafunga barabara pande zote mbili, nani atapiga simu polisi na Msalaba Mwekundu, nani atapita nyumba kwa nyumba akiagiza mbabula zizimwe na jenereta zisimame.

Umbali nao ujulikane. Mafuta yakimwagika kwa wingi, watu wasogee angalau mita 300, upande ambao upepo unatoka. Tangi likishika moto, mita 800 kila upande. Pikipiki zisukumwe kwa mikono, zisiwashwe. Mtu asirudi kuchukua simu, wala baiskeli, wala bidoni.

Leo pia kuna lori la mafuta linaloelekea Beni, Butembo, Bunia au Uvira. Likipinduka mbele ya soko lenu saa kumi na mbili jioni, nani atakuwa wa kwanza kufunga njia? Jina lake lijulikane tangu leo.