Kiboko Katika Bustani ya Askari

Ninyi mlio zamu usiku katika Bandari ya Bujumbura na katika kambi na vituo vya ufukweni: maelezo yetu ya leo yanahusu mgeni asiyeonyesha kitambulisho langoni.

Kiboko, ambaye Warundi humwita imvubu, hushinda majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Giza likiingia hupanda nchi kavu, akala majani kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha hurejea ziwani kabla ya mapambazuko, aghalabu kwa njia ile ile. Bustani ya lengalenga na kabichi iliyolimwa juu ya njia hiyo, kwake yeye ni malisho tu.

Taabu imezidi tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda. Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Lukuga huko Kongo. Mvua zikizidi, maji hayapungui upesi. Mwaka 2021 yalifurika Gatumba, na mwaka 2024 yakaingia hata bandarini, shughuli zikazorota. Nyasi za ufukweni zikafunikwa, mnyama akasogea zilipo nyumba. Wala tusimlaumu peke yake: sheria ya maji ya mwaka 2012 iliacha mita 150 kando ya ziwa, nasi tumelima mpaka ukingoni.

Askari aliyepoteza mboga za watoto wake hushawishika kushika bunduki. Asifanye hivyo. Kiboko huwa na uzito wa tani moja na nusu, na dume kubwa huweza kuzidi tani tatu. Juu ya hayo hukimbia kuliko mtu. Risasi iliyofyatuliwa gizani huenda isimwangushe, bali imjeruhi tu, naye hukimbilia majini akimkanyaga yeyote aliye kati yake na ziwa. Na risasi iliyokosa itakwenda wapi? Upande mmoja kuna maghala na wapagazi, upande wa pili mitaa iliyolala. Zaidi ya hayo, mnyama huyu analindwa na sheria, na mlinzi wa sheria hawezi kuwa wa kwanza kuivunja.

Dawa imo katika umbo lake mwenyewe. Miguu yake ni mifupi, mwili ni mzito, hawezi kuruka. Ukuta wa mawe unaofika kiunoni mwa mtu, mnene na usio na pengo, humfanya ageuke. Uzio wa matete huupita kana kwamba haupo. Seng'enge humchoma tu, akazidi kukasirika. Handaki lenye ukingo wa wima, udongo wake ukirundikwa upande wa bustani, hufaa penye ardhi ngumu. Katika mchanga wa ufukweni huporomoka na kujaa maji. Mawe yasichimbwe katika kingo za mto Ntahangwa, ambazo mmomonyoko umekwisha kuzila vya kutosha. Vifusi vya majengo vinatosha.

Wengine watauliza juu ya mizinga ya nyuki, ambayo wakulima wa Kenya huitundika kuzunguka mashamba. Hiyo ni kinga ya tembo, na si lazima ifae kwa kiboko.

Lakini ukuta usikate njia yake ya kurudi ziwani. Anayejenga na achunguze kwanza nyayo na kinyesi asubuhi, ajue anapita wapi, kisha aisogeze bustani pembeni. Kwa mlinzi, kamba iliyofungwa makopo matupu ni tarishi mzuri usiku.

Akikutwa ndani ya bustani, hasa jike mwenye mtoto, askari asimame mbali, awazuie watu wasikusanyike, aache wazi upande wa maji, kisha ampashe habari mkuu wa zamu. Mboga zilizokwisha kuliwa zitapandwa tena mvua zijazo.