Mjukuu wa Coccinelle: Je, Anastahili Jina la Babu Yake?



Wengi wenu mmepata kuiona, barabarani au katika picha, ile motokari ndogo yenye mgongo wa kuvimba na taa mbili za mviringo kama macho. Wafaransa, na sisi tuliosoma lugha yao shuleni, huiita Coccinelle. Wajerumani huiita Käfer, na Waingereza Beetle. Majina yote matatu ni ya wadudu wenye mabawa magumu mgongoni.

Siku moja mwanafunzi aliitazama picha ya Coccinelle iliyotengenezwa mwaka 2012, akaniuliza: “Mwalimu, mtambo wa hii uko mbele, na ule wa zamani ulikuwa nyuma. Umbo lake si lile lile, wala bei yake si ile ile. Kwa nini basi wameipa jina lile lile? Je, si kuwadanganya watu?”

Swali hilo si la mtoto peke yake. Wapenzi wa motokari hiyo huko Ulaya na Amerika wamelibishania kwa miaka mingi, wengine hata kwa hasira. Haya, tulichungue pamoja, kwa maana ndani yake mna neno linalozihusu jamaa zetu pia.

Babu

Coccinelle haikuzaliwa katika heshima. Mwaka 1934 Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kubuni motokari ya bei ndogo kwa ajili ya watu wa Ujerumani, na aliyeitaka kwa nguvu ni Hitler. Mwaka 1938 liliwekwa jiwe la msingi la kiwanda mahali paitwapo leo Wolfsburg. Watu zaidi ya 300,000 waliweka akiba, marka 5 kila juma, wakitumaini kupata motokari. Vita ikaja, na hakuna hata mmoja wao aliyeipata. Katika miaka ya vita kiwanda kilitengeneza vyombo vya jeshi, na maelfu ya watu waliletwa humo kufanya kazi kwa kulazimishwa. Mambo hayo hayafai kufichwa.

Vita ilipokwisha, afisa mmoja Mwingereza, Meja Ivan Hirst, alikabidhiwa kiwanda kile kilichopigwa mabomu. Badala ya kukiacha kife, aliwapa watu kazi, na siku mbili baada ya Noeli ya mwaka 1945 motokari zikaanza kutengenezwa kwa mfululizo. Tangu mwaka 1948 kiwanda kiliongozwa na Heinrich Nordhoff. Mwaka 1955 Coccinelle zilitimia 1,000,000, na tarehe 17 Februari 1972 zilipita 15,000,000, zikaishinda ile Ford Model T ya Marekani, ambayo hapo kabla hapakuwa na aina iliyoizidi kwa wingi.

Kwa nini ilipendwa hivyo? Kwanza, mtambo wake ulipozwa kwa upepo, hauna maji ya kuchemka njiani wala ya kuganda wakati wa baridi. Pili, uzito wa mtambo ulikuwa juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyosukuma, hata motokari ikashika vizuri penye tope na mchanga. Tatu, vipande vyake vilikuwa vyepesi kufahamika, na fundi mwenye funguo chache aliweza kuitengeneza kando ya njia. Mwalimu, mkulima na muuguzi waliweza kuinunua. Hilo ndilo lililoipa jina jema: iliwatumikia watu wadogo.

Desturi ya kuwadharau wadogo

Lakini tazama jambo la ajabu. Hata kabla ya wajukuu kuzaliwa, wapenzi walikuwa wamekwisha kugawanyika. Mpaka mwanzo wa mwaka 1953 dirisha la nyuma lilikuwa na vioo viwili vilivyotengwa kwa chuma katikati. Kisha likawa kioo kimoja kama yai, na mwaka 1957 likapanuliwa tena. Wako waliosema kwamba ile ya vioo viwili tu ndiyo Coccinelle ya kweli. Mwaka 1972 ikatoka ile iitwayo 1303, yenye kioo cha mbele kilichopinda. Wengi waliicheka kwamba imenenepa na kupoteza sura. Leo hii wako watu wanaoitafuta 1303 hiyo hiyo, wanaisugua kutu na kuipaka rangi kwa uangalifu mwingi. Mdogo aliyechekwa jana amekuwa mzee wa kuheshimiwa.

Mjukuu wa kwanza

Huko Marekani Coccinelle za zamani ziliacha kuuzwa katika miaka ya mwisho ya 1970. Mwezi wa Januari 1994, katika maonyesho ya motokari ya Detroit, palionyeshwa motokari iliyochorwa na J Mays na Freeman Thomas, yenye mgongo ule wa mviringo uliojulikana na wote. Watu walifurahi kama wanaomwona ndugu aliyepotea. Mwaka 1998 ikaanza kuuzwa kwa jina la New Beetle, maana yake Beetle Mpya.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mafundi walipoifunua waliona kwamba chini ya vazi la babu mlikuwa na mwili wa motokari nyingine, Golf: mtambo mbele, tena wa kupozwa kwa maji. Mbele ya dereva paliwekwa chombo kidogo cha kutilia ua. “Hiki ni kichezeo,” wakasema wazee wa vyama vya Coccinelle. Tusiseme kwamba hawakuwa na haki yoyote. Motokari ya kwanza ilimpandisha aliyekuwa akitembea kwa miguu. Hii mpya ilinunuliwa zaidi na watu waliokwisha kuwa na mali. Kazi ile ya kumtumikia mtu mdogo, mjukuu hakuirithi.

Hata hivyo alikuwa na vipaji vyake. Alishika breki vizuri kuliko babu. Alikuwa na mifuko ya hewa ya kuwakinga watu kifua na kichwa wakati wa ajali, na wakati wa baridi aliwapa joto la kutosha. Mama mwenye watoto alisafiri humo kwa usalama ambao babu hakuweza kumpa.

Tena yako mambo ambayo wabishi wengi waliyasahau. Huko Puebla, katika nchi ya Meksiko, kiwanda kimoja kilitengeneza babu na mjukuu pamoja tangu mwaka 1997 mpaka mwaka 2003. Yule wa zamani alifanya kazi ya taksi katika mji mkuu, kiti cha mbele cha abiria kimeondolewa ili watu waingie kwa urahisi. Yule mpya alipelekwa ng’ambo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na mafundi wa kiwanda kile walikula mkate wao kutoka kwa wote wawili. Tarehe 30 Julai 2003 Coccinelle ya zamani iliyo ya mwisho kabisa ikatoka, ya 21,529,464, ikasindikizwa na waimbaji.

Kizazi cha tatu

Mwaka 2011 alizaliwa wa tatu, mrefu na mpana zaidi, mgongo wake umeshuka ukakaribia tena umbo la babu. Huko Brazili watu walikuwa wamezoea kuiita motokari ya zamani Fusca. Basi na huyu akauzwa kwao kwa jina hilo hilo. Italia akaitwa Maggiolino, jina la zamani la huko. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika, na wanunuzi walitaka motokari kubwa za kuinuka juu. Tarehe 10 Julai 2019, huko huko Puebla, wa mwisho akatoka.

Na sasa, kwa kuwa hatengenezwi tena, moyo wa watu umelainika. Katika miaka ya 2010 wenye Beetle za vizazi vya baadaye walikusanyika Travemünde, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, motokari nyingi za rangi mbalimbali zikijipanga karibu na bahari. Waliokuja hawakuja kwa ajili ya chuma tu. Mmoja alifundishiwa humo kuendesha, mwingine alimchukua mchumba wake humo siku ya arusi, mwingine alirithi kwa mama aliyefariki. Babu alipendwa kwa sababu aliishi na watu. Na wajukuu pia, polepole, wamepata upendo kwa njia hiyo hiyo.

Jibu kwa mwanafunzi

Mimi nilimjibu hivi: “Wewe unaitwa Petro. Je, wewe ni mvuvi? Unafanana uso na Mtume? Ulipewa jina lake siku ya ubatizo, si kwa sababu umekwisha kuwa kama yeye, bali ili uwe na deni la kulilipa maisha yako yote.” Kweli, wenye kiwanda walilitoa jina kwa kutaka kuuza, wala si kwa utakatifu. Lakini jina likishatolewa huwa deni kwa vyovyote. Mwenye jina apimwe kwa kazi yake: palipo na upungufu pasemwe, na palipo na wema pasifichwe.

Wazazi wapenzi, mara ngapi tunawaambia watoto wetu, “Babu yenu hakuwa hivi”? Babu alilima kwa jembe, mjukuu anashika kalamu. Wala si lazima awe amepotea. Tumwulize neno moja tu: je, unawatumikia watu, kama yeye alivyowatumikia? Akijibu ndiyo, tumwachie jina. Akijibu siyo, hata akifanana na babu yake kwa uso na kwa sauti, deni lake bado halijalipwa.

Petro alinyamaza kidogo, kisha akaitazama tena picha ile. “Basi, Mwalimu,” akasema, “afadhali mtambo uwe mbele, mradi motokari ifike.”